Kusoma maji: maana yake kwa mvuvi wa ndoano

Kusoma maji ni kutazama uso wa mto, ziwa au bwawa na kukisia samaki yuko wapi chini yake, na kwa nini ameona afadhali kukaa hapo kuliko hatua kumi pembeni. Mwenye wavu anaweza kufagia eneo zima bila kujiuliza sana. Mwenye ndoano ana chambo kimoja kisichozidi kidole, na kikitua mbali na samaki ni sawa na kutotupa kitu. Ndiyo maana watu wawili huketi ukingo mmoja, fito zinafanana, nyungunyungu wametoka kopo moja, halafu mmoja akawa anavuta samaki baada ya samaki huku mwenzake akibadilisha ndoano kila dakika kumi. Aliyekosa husema ni bahati. Bahati ipo, ila haina kawaida ya kumwangukia mtu yule yule kila wiki.

Msingi wa dhana hii ni kwamba samaki hapotezi nguvu bure. Anapochagua mahali pa kukaa anapima pumzi, chakula, maficho na joto la maji. Mwili wake hufuata joto la maji yaliyomzunguka: maji yakipoa, naye hupoa, chakula humeng'enywa polepole na hamu ya kula hushuka. Maji yakipata joto mno, shida hugeuka kuwa pumzi, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Maji yasiyo na chumvi, katika usawa wa bahari, yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7 na nusu. Wakati huohuo mwili wa samaki uliochangamshwa na joto unadai oksijeni zaidi. Hapo ndipo utamkuta trauti, samaki wa maji baridi, ambaye huanza kutaabika maji yakipita nyuzi 20, amejibana chini ya maporomoko madogo yanayotoa povu, ilhali sato anaendelea na shughuli zake kwenye maji ya joto bila wasiwasi. Kambare na kamongo wana sheria yao: wote wawili huweza kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo dimbwi zito la tope lisilo na oksijeni ya kutosha kwa samaki wengine, kwao si tatizo kubwa.

(Kwa wale wanaovua kwa burudani na kumwachia samaki: hesabu hiyo ya oksijeni ndiyo sababu samaki aliyepigana muda mrefu kwenye maji ya joto anaweza kufa baada ya kuogelea kwenda zake akionekana mzima. Siku ya joto kali mvute upesi, lowesha mikono ili usimvue ute unaomkinga ngozi, na picha iwe moja.)

Mto ni rahisi kuusoma kuliko ziwa, kwa sababu mkondo hufichua kilicho chini yake. Ukiona kituta cha maji kisichohama huku mto ukipita, kuna jiwe limezama, na jiwe lenyewe liko upande wa juu kidogo wa kituta hicho, kule mto unakotoka. Nyuma ya jiwe maji hutulia, na hata mbele yake huwa na kifuko kidogo cha utulivu ambacho wengi hukisahau. Vilevile maji yanayogusa sakafu ya mto huenda polepole kuliko ya juu, kwa kuwa yanasuguana na changarawe. Samaki anaweza kukaa chini kabisa ya mkondo unaoonekana mkali bila kuhangaika, jambo linalowashangaza watu wanaohukumu mto kwa kelele zake.

Ila kama ni kujifunza dalili moja tu ya mtoni, jifunze mpaka wa kasi. Mahali mkondo wa mbio unapopakana na maji yaliyolala huonekana mstari, mara nyingi wenye povu na majani yanayoelea. Samaki hupenda kukaa upande wa maji yaliyolala, kichwa kikielekea mto unakotoka, kisha hujitokeza kidogo kunyakua mdudu anayepitishwa na mkondo. Anakula cha mbio huku amekaa kwenye utulivu. Povu na wadudu hubebwa na maji yaleyale, kwa hiyo ukifuata povu umefuata chakula. Tupa chambo mbele ya pale unapomdhania, upande mto unakotoka, ukiache kishuke na mkondo kwa mwendo wa jani. Kikiburuzwa kando kwa sababu mshipi, yaani uzi wa ndoano, umekaza, au kikisimama mahali ambapo kila kitu kingine kinatembea, samaki mzoefu ataona kuna kitu hakiko sawa.

Kwenye kizingo cha mto maji ya kasi hupiga ukingo wa nje na kuuchimba. Huko ndiko kwenye kina, na ndiko kwenye mizizi ya kujifichia. Ukingo wa ndani hukusanya mchanga na kuwa na kina kifupi. Anayeanza huvutiwa na ukingo wa ndani kwa kuwa unakanyagika vizuri, na hakosei kusimama hapo, mradi chambo chake kiende upande wa pili.

Ziwani na bwawani hakuna mkondo wa kukuonyesha, hivyo jicho hutafuta mipaka ya aina nyingine: matete yanapoishia, kina kinapoanguka ghafla, kijito kinapoingia, mti ulioangukia majini, kivuli kinapokutana na mwanga. Samaki mdogo hukaa karibu na mpaka ili akimbilie ndani, na mkubwa hukaa karibu na mpaka kwa sababu mdogo yupo. Tazama pia nchi kavu. Ukingo ulio mwinamo mkali kwa kawaida huendelea na mwinamo wake chini ya maji, na uwanda ulio tambarare huendelea kuwa tambarare. Mgongo wa ardhi unaoshuka hadi majini haukomi pale unapolowana. Huendelea kama rasi iliyozama, na samaki wengi hupita kando yake wakitoka kwenye kina kwenda kwenye kina kifupi.

Upepo nao ni wa kusomwa. Ukivuma upande mmoja kwa saa nyingi husukuma maji ya juu, pamoja na viumbe vidogo vinavyoelea, kuelekea ukingo unaopigwa na mawimbi. Visamaki hufuata viumbe hivyo, na wakubwa huvifuata visamaki. Ukingo huo unaudhi: mshipi unapeperuka, boya linarukaruka, kofia inaondoka. Wengi huhamia upande uliotulia, wakakaa kwa raha zao bila boya kuguswa.

Kuna imani kwamba samaki wakubwa daima wako kilindini. Si kweli, na sababu yake inafaa kujulikana. Katika msimu wa joto, ziwa lenye kina kirefu hugawanyika matabaka: maji ya joto mepesi juu, maji baridi mazito chini, na katikati tabaka jembamba ambamo joto hushuka haraka. Tabaka la chini halikutani na hewa, na kama ziwa lina mabaki mengi yanayooza, oksijeni ya huko huliwa mpaka karibu kwisha. Chambo kilichozama hadi sakafuni katika ziwa la namna hiyo kinasubiri mgeni asiyeweza kuja. Samaki wengi watakuwa juu ya tabaka hilo la kati au ndani yake, popote baridi na pumzi vinapokutana.

Kwa hiyo kina hupimwa, hakikisiwi. Njia ya zamani inatosha: funga chubwi zito, yaani kizito cha kuzamishia, kwenye ndoano, tupa, tazama boya. Likizama lote, mshipi ulio chini yake ni mfupi kuliko kina, lipandishe. Likilala ubavu, umezidisha, lishushe. Likisimama na ncha yake tu ikichungulia, umepata kipimo. Kwa maoni yangu hizo dakika tano zina faida kuliko ufito wa bei mara tatu, ingawa duka la vifaa vya uvuvi halitakuambia hivyo.

Wavuvi wengi huongeza kwenye usomaji wao kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, wakisema kipimo kikishuka samaki huumia na kuacha kula. Mimi nina mashaka na maelezo hayo. Badiliko la hektopaskali moja (kizio cha kupimia kanieneo) ya hewa ni sawa na uzito wa sentimita moja hivi ya maji. Mabadiliko makubwa ya hali ya hewa, tuseme ya hektopaskali 20, samaki huyapata kila anapopanda au kushuka sentimita 20, na hilo hulifanya siku nzima. Kinachobadilika kweli dhoruba ikikaribia ni mawingu, mwanga, upepo na rangi ya maji, na hivyo vyote unaviona kwa macho bila kifaa. Mwanga hasa: alfajiri na machweo, na siku za mawingu, anayewinda kwa kuvizia hupata nafasi nzuri zaidi, na husogea hadi sehemu za kina kifupi ambazo mchana wa jua kali angezikwepa.

Maji nayo yanakuonyesha wewe kwa samaki. Kwa sababu mwanga hupinda unapoingia majini, samaki huuona ulimwengu wote wa juu kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya nyuzi 97 hivi; nje ya duara hilo uso wa maji humrudishia taswira ya chini kama kioo. Mtu aliyesimama wima ukingoni huingia ndani ya duara hilo hata akidhani yuko mbali. Vitu vilivyo chini, karibu na usawa wa maji, hubanwa pembeni kabisa ya duara na kuonekana kwa shida. Basi inama, rudi nyuma hatua chache, vaa nguo isiyong'aa, na mtoni mkaribie kutoka upande mto unakoelekea, kwa kuwa yeye anatazama unakotoka. Miwani ya kukata mng'ao itakusaidia kumwona kabla hajakuona.

Kuhusu kelele, watu huogopa kisichostahili. Sauti ya mazungumzo karibu yote hugonga uso wa maji na kurudi hewani. Kinachofika ni mtikisiko: hatua nzito kwenye ukingo, ndoo inayodondoshwa ndani ya mtumbwi, jiwe linalosukumwa kwa buti. Samaki ana mstari wa vihisio ubavuni unaotambua misukosuko ya maji iliyo karibu naye, na sikio la ndani linalopokea mitetemo. Kwa hiyo ongeeni, lakini tembeeni taratibu.

Na kuongea ni nusu ya kusoma maji. Kwa kuwa ndani hakuonekani, kila mshipi uliomo majini ni swali lililoulizwa mahali pamoja, kwa kina kimoja, kwa chambo kimoja. Watu watatu wakikubaliana mmoja avue karibu na sakafu, mwingine katikati, wa tatu karibu na uso, wanapata jibu mapema kuliko mtu mmoja anayejaribu yote matatu kwa zamu. Hapo ndipo urafiki wa ukingoni unapoanzia: anayepita anauliza "Wanakula?", na mwenye adabu hajibu ndiyo au hapana tu, huongeza kina, chambo na saa walipoanza. Mgeni naye hulipa kwa habari za alikotoka.

Mahali penyewe ni habari nyingine. Mvuvi anayekufundisha kufunga fundo, akakupa ndoano mbili za ziada na nusu ya chambo chake, anaweza kukwepa kabisa swali la wapi alimpata yule mkubwa. Wapo wanaouona huo kuwa uchoyo. Mimi naona ana haki. Ujuzi wa mpaka wa kasi haupungui ukigawiwa watu mia, lakini shimo moja chini ya mzizi halihimili watu kumi. Ukionyeshwa mahali na mtu, usimlete mwingine bila kumuuliza aliyekuonyesha.

Adabu nyingine ni chache na hazihitaji kuandikwa kwenye kibao. Omba kabla ya kuketi jirani na mtu. Usitupe juu ya mshipi wa mwenzako. Akinasa mkubwa, vuta wako utoke njiani. Akikuomba ushike wavu wa mkono, uzamishe utulie majini, yeye amlete samaki juu yake. Usimkimbize kwa wavu, maana wengi hupotea hapo kuliko mahali pengine, na lawama itakuwa yako.

Habari za wenzako huchacha haraka. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mto, vituta huhama, mchanga huzika lindi la mwezi uliopita, na upepo wa jana huenda leo umegeuka. Mtu akikuambia "jana walikula sana pale", muulize upepo ulitoka upande gani, maji yalikuwa na rangi gani, na chambo kilikaa kina gani. Asiyeweza kujibu alipata siku njema tu. Anayeweza, omba ruhusa usogeze ndoo yako karibu na yake.