Gusberi kwa Mbegu: Kuanzia Tunda Hadi Mche Bustanini

Gusberi inayozungumziwa hapa ni ile ya manjano iliyojifunga ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Wakikuyu huiita nathi, Waganda entuntunu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na ni jamii moja na nyanya, kwa hiyo maradhi mengi ya nyanya ni yake pia.

Mbegu zitoke kwenye matunda yaliyoanguka yenyewe, ganda likiwa na rangi ya nyasi kavu. Tunda moja lina mbegu zaidi ya 100, hivyo matatu yanatosha bustani nzima na majirani. Yaminye ndani ya glasi, ongeza maji kidogo, acha siku 2 ute ulegee. Koroga, kisha mwaga zinazoelea. Zilizozama ndizo njema. Zianike kivulini kwenye sahani. Kwenye karatasi laini zitagandia.

Kwa kitalu, changanya udongo wa juu makopo 2, mboji iliyoiva 1 na mchanga 1. Mwagia maji yanayochemka, uache upoe kabisa. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, tawanya, funika kwa udongo wa nusu sentimita. Zinaota baada ya siku 10 hadi 20. Kwenye baridi huchelewa zaidi, usianze kufukua.

Wengi hupoteza miche hapa, kwa ugonjwa wa kinyausi. Mche uliosimama jioni unaukuta asubuhi umelala, shina limesinyaa kama uzi pale linapogusa udongo. Haufufuki. Huchochewa na maji mengi na msongamano: ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake, punguza iliyobanana, mwagilia asubuhi tu.

Hamisha miche ikifika sentimita 15, baada ya wiki 6 hadi 8. Acha mita 1 kati ya mche na mche, hata ukiona ni nafasi ya kupoteza, gusberi hutanda. Weka konzi 2 za mboji kwa shimo. Ukizidisha samadi au yuria utavuna majani. Sota, viwavi wa udongoni, hukata miche usiku, basi zungushia kila mmoja kopo lisilo na kitako, lizame sentimita 3.

Usipande palipotoka nyanya, viazi au biringanya ndani ya miaka 3, kwa sababu ya mnyauko wa bakteria. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ng'oa na uchome. Usiutie kwenye mboji.

Matunda huanza miezi 4 hadi 5 tangu kusia. Tandaza nyasi kavu chini ya mmea, uokote kila baada ya siku 2. Ya kijani yana sumu, watoto wasiyachume. Yaliyoiva yaache ndani ya ganda lake, makavu, nayo hukaa wiki kadhaa.