Eneo bunge la kwanza la Illinois: ramani iliyosimama na watu waliohama

Tangu mwaka 1929, kiti cha eneo bunge la kwanza la Illinois, ambalo kiini chake ni upande wa kusini wa jiji la Chicago, kimeshikiliwa na Wamarekani Weusi bila kukatika, na hakuna eneo bunge jingine nchini Marekani lililofikia muda huo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mipaka yake ilichorwa ili watu Weusi wapate mwakilishi wao. Mimi ninayeshughulika na mipaka ya uchaguzi siyakubali maelezo hayo kwa miongo ya mwanzo, kwa sababu wakati kiti hiki kilipobadilisha mikono hakuna aliyekuwa amegusa ramani kwa zaidi ya robo karne.

Kwa kawaida, viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawiwa upya baina ya majimbo baada ya sensa ya kila miaka kumi, kisha bunge la kila jimbo huchora mipaka ya maeneo bunge yake, ingawa baadhi ya majimbo yameikabidhi kazi hiyo kwa tume. Bunge la Illinois lilichora ramani yake mwaka 1901 na halikuibadilisha tena hadi mwaka 1947. Wabunge waliotoka mashambani walijua kuwa Chicago ilikuwa inakua kwa kasi, na kwamba ramani ya haki ingewapokonya viti, kwa hiyo waliiacha ilivyo. Matokeo yake ni kwamba kufikia miaka ya 1940 eneo bunge dogo kuliko yote jimboni lilikuwa na watu wapatao 112,000, huku kubwa kuliko yote likiwa na watu zaidi ya 914,000. Tofauti hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1946, nayo ikakataa kuingilia kati.

Ndani ya ramani hiyo iliyoganda, watu ndio waliohama. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na wakazi Weusi wapatao 44,000, na kufikia mwaka 1930 walikuwa karibu 234,000. Walitoka Mississippi, Louisiana, Alabama na kwingineko Kusini, wakikimbia mauaji ya makundi, kilimo cha nusu kwa nusu kilichowaweka katika madeni yasiyokwisha, na sheria zilizowanyima kura. Reli ya Illinois Central iliyoanzia New Orleans iliwafikisha moja kwa moja upande wa kusini wa jiji. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, liliwaita waje, na nakala zake zilisambazwa Kusini na wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekata mkondo wa wahamiaji kutoka Ulaya, na machinjio makubwa ya Chicago pamoja na viwanda vya chuma vilihitaji mikono.

Hawakuruhusiwa kukaa walipopenda. Walibanwa katika ukanda mwembamba uliofuata barabara ya State Street, eneo ambalo baadaye liliitwa Bronzeville, na waliojaribu kutoka nje ya ukanda huo walitupiwa mabomu majumbani. Mwaka 1919 ghasia kati ya Wazungu na Weusi ziliua watu 38 jijini. Katika miaka ya 1920 vyama vya wenye nyumba na madalali walianza kuweka ndani ya hati za nyumba masharti yaliyokataza kuuzia au kupangishia mtu Mweusi, na masharti hayo yalilindwa na mahakama hadi mwaka 1948, Mahakama ya Juu ilipoamua kuwa mahakama za majimbo haziwezi kuyatekeleza. Kwa hiyo ukuta uliowafungia watu hawa katika nyumba zilizojaa kupita kiasi ndio uliokusanya kura zao mahali pamoja. Hilo lisisomwe kama sifa kwa ubaguzi. Nguvu ya kura ilipatikana kwa sababu wakazi wenyewe waliitumia nafasi hiyo, kata kwa kata.

Oscar De Priest ndiye aliyeitumia kwanza. Alizaliwa Alabama, akawa diwani wa kwanza Mweusi wa Chicago mwaka 1915, na mwaka 1928 mbunge Mzungu Martin Madden alipofariki baada ya kushinda kura ya mchujo ya chama cha Republican, viongozi wa kata walimweka De Priest katika nafasi yake. Alishinda kwa tofauti ndogo, na hakukuwa na mtu Mweusi aliyeketi katika Bunge la Marekani tangu George Henry White wa North Carolina alipoondoka mwaka 1901. Kwa miaka sita De Priest alikuwa peke yake humo, na barua zilimjia kutoka nchi nzima, nyingi kutoka kwa watu ambao wabunge wao halisi wasingewasikiliza.

Mwaka 1934 aliangushwa na Arthur Mitchell, mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo kwa tiketi ya Democratic. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko watu wawili hao, kwani wapiga kura waliokuwa waaminifu kwa Republican, chama cha Rais Lincoln, tangu enzi za kuvunjwa kwa utumwa walianza kuhamia Democratic, chama cha Rais Roosevelt, kutokana na ajira na misaada ya wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. William Dawson, aliyeshika kiti kuanzia 1943 hadi alipofariki 1970, naye aliwahi kuwa diwani wa Republican kabla ya kuhama. Mwaka 1949 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Baraza la Wawakilishi.

Enzi ya Dawson ndiyo ninayoiona kuwa nzito zaidi katika historia hii. Alikuwa nguzo ya mtandao wa chama cha Democratic jijini, alimsaidia Richard J. Daley kuwa meya mwaka 1955, na mtandao huo ulihitaji kura za upande wa kusini zibaki zilipo. Robert Taylor, mwenyekiti wa kwanza Mweusi wa mamlaka ya nyumba ya jiji, alitaka nyumba za umma zijengwe mitaa mbalimbali, lakini baraza la madiwani lilikataa naye akajiuzulu mwaka 1950. Kisha ukajengwa kando ya State Street mradi uliopewa jina lake, maghorofa 28 yenye orofa 16 kila moja, yaliyokamilika mwaka 1962 na kubomolewa yote kufikia mwaka 2007. Utengano ambao hati za nyumba ziliulinda hapo awali ulijengwa upya kwa zege na kwa fedha za umma. Ralph Metcalfe, mwanariadha wa Olimpiki aliyerithi kiti kwa baraka za Daley, alivunja naye uhusiano mwaka 1972 kwa sababu ya ukatili wa polisi, na wapiga kura wakaendelea kumchagua. Harold Washington alitoka katika kiti hichohicho kwenda kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago mwaka 1983.

Bobby Rush, kiongozi wa zamani wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Weusi, alikishika kuanzia 1993. Mwaka 2000 alipingwa katika kura ya mchujo na Barack Obama, mwana wa Mkenya wa Kogelo na mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, na Rush akamshinda kwa asilimia 61 dhidi ya 30. Wakazi wengi waliuona mtaa wa Hyde Park, uliozunguka chuo hicho, kama ulimwengu wa peke yake, na Rush walimjua tangu ujana wake.

Mipaka ya leo haifanani na ile ya De Priest. Tangu mwaka 1964 Mahakama ya Juu inataka maeneo bunge ya jimbo moja yawe na idadi sawa ya watu, na Illinois, iliyokuwa na viti 27 enzi zake, sasa ina 17. Wakazi Weusi wa Chicago, waliokuwa karibu milioni 1.2 mwaka 1980, walikuwa chini ya 800,000 mwaka 2020, kwa kuwa wengi wamehamia vitongojini au kurudi Kusini. Ili kufikisha watu wapatao 754,000 wanaohitajika, wachoraji wamelivuta eneo hili kusini-magharibi hadi kaunti ya Will, penye vitongoji vya Wazungu na mashamba ya mahindi, na Weusi sasa ni takriban nusu ya wakazi. Jonathan Jackson, mwana wa mwanaharakati wa haki za kiraia Jesse Jackson, alichaguliwa mwaka 2022 chini ya ramani hiyo, iliyopitishwa na wabunge wa Democratic ambao wangeweza kulibakiza eneo hili jijini karibu na Ziwa Michigan, lakini walihitaji kura zake za jijini ili kuzima kura za Republican huko nje.