Ada ya urubani haipunguzi PAYE, ile kodi ya mshahara, na kwenye vitabu vya mama haiingii

Juzi kaingia ofisini kwangu hapa Kirumba, Mwanza, kijana mmoja na mama yake, mama anauza dagaa jumla pale Mwaloni, mahesabu yake nafanya mimi miaka sasa. Kijana kaajiriwa rubani, kashika salari slipu anaitazama kama bili ya jirani. "Shikamoo anko, mama kauza mpaka kiwanja cha Buswelu nikasome, sasa mbona wananikata kama vile sikutumia hata mia?"

Tukapiga. Mshahara 3,000,000, mchango wake wa NSSF, mfuko wa pensheni, 10% ni 300,000 unatoka kwanza, inabaki 2,700,000, PAYE hapo 638,000. Kinachotolewa kabla ya kodi ni huo mchango wa pensheni basi, mstari wa ada haupo, uwe umesomea urubani au cherehani.

Mama akadakia, si nimelipa kwa hela ya biashara, andika "mafunzo". Kumbe alishaandika mwenyewe! Kwenye kaunta buku, katikati ya viroba na nauli ya fuso: "shule ya ndege". Nikaikata kwa peni nyekundu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinataka gharama iwe imetumika yote, na kwa kuzalisha mapato ya biashara hiyo tu, na dagaa hawaruki jamani. Kusomesha mtoto ni matumizi ya familia. Angempeleka kijana wake wa stoo kujifunza kukausha na kufungasha ningeiingiza bila kupepesa.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza kama una leseni na kampuni inataka ukafanye taipu reitingi, ile kozi ya aina moja ya ndege. Kampuni ikilipa, kwao ni gharama ya biashara, inashusha faida kabla ya ile kodi ya kampuni ya 30%. Ukilipa wewe hushushi kitu, tena unalipa na hela iliyokwisha katwa, yaani ukiwa tayari kwenye ngazi ya juu ya PAYE, 30%, ili ubaki na mfano 30,000,000 mkononi lazima uingize mshahara wa kama 47,600,000 ukiweka na NSSF. Kwa hiyo wakikuambia "jilipie tutakuongeza mshahara", kwanza shika kalkuleta. Bondi, yaani mkataba wa kukufunga uwatumikie miaka miwili mitatu, inakera, najua, ila mara nyingi mimi ningesaini.

Kijana akatoa simu, kaona mtu anasema Ujerumani marubani wanarudishiwa. Nusu kweli. Kule mafunzo ya kwanza kabisa ya kazi unaruhusiwa kutoa kwenye kipato kabla ya kodi mpaka euro 6,000 kwa mwaka, na kama mwaka huo huna kipato imekula kwako. Mafunzo ya pili ndo yanatoka yote, na hasara unaibeba mpaka uanze kulipwa. 2013 mahakama yao ya juu ya kodi ikakubali kwamba uhudumu wa ndani ya ndege ni mafunzo ya kwanza, basi urubani ukawa wa pili. Toka 2015 sheria ikabana, hayo ya kwanza lazima yafike miezi 12 na mtihani, na 2019 Mahakama ya Katiba ikasema kuyawekea kikomo mafunzo ya kwanza ni sawa, kwenye hizo kesi marubani walikuwemo.

Mama kasikiliza yote, akafunga mkoba. "Kumbe na wao wameziba. Haya, hilo buku nirudishie, na hiyo peni nyekundu ifiche."