Vocha hazikuzaa mabwanyenye wa Urusi

Gusia ubinafsishaji wa Urusi wa miaka ya 1990 na ndani ya dakika tano mtu atakwambia: "Chubais, aliyesimamia ubinafsishaji, aligawa vocha, wajanja wakazikusanya kwa bei ya chupa ya vodka, wakaondoka na visima vya mafuta." Kwamba vocha, yaani hati za kubadilisha na hisa za mali ya serikali, ziliuzwa kwa bei ya kutupa ni kweli. Habari ya visima sasa ndiyo inayochosha, maana hata kalenda inaikataa.

Vocha zilianza kutolewa Oktoba 1992. Kila raia, mtoto mchanga akiwemo, alipata moja yenye thamani ya rubli 10,000 kwa ada ya rubli 25. Haikuwa na jina la mwenyewe, kwa hiyo iliuzika hata barabarani, na mfumuko wa bei uliitafuna. Lakini viwanda vilienda kwa nani? Sheria ilitoa njia tatu, na vingi vilichagua ya pili: wafanyakazi pamoja na menejimenti wanunue asilimia 51 ya hisa zenye kura. Aliyebaki juu ni mkurugenzi yuleyule wa enzi za Kisovieti, sasa akiwa na hisa. Mafuta yaliwekewa utaratibu wake kwa amri ya rais ya Novemba 1992, na vifungu vikubwa vya hisa vikabaki serikalini. Katikati ya 1994 vocha zikaisha muda.

Utajiri mnaousema, wa mabwanyenye, yaani matajiri wachache wenye nguvu za kisiasa, ulitoka kwenye minada ya mikopo kwa hisa, Novemba na Desemba 1995. Potanin, mwenye benki, alipeleka wazo hilo serikalini Machi mwaka huo: hazina imekauka, benki zitaikopesha serikali, nayo iweke rehani hisa za makampuni. Serikali isipolipa kufikia Septemba 1996, benki inaruhusiwa kuziuza. Bajeti haikutenga pesa za kulipa. Huo ulikuwa uuzaji uliovishwa kanzu ya mkopo.

Penye kasoro ni hapa: benki iliyoandaa mnada iliruhusiwa kushindana humohumo. Asilimia 38 ya Norilsk Nickel, kampuni ya madini, ilianzia dola milioni 170. Mwandaaji, Oneximbank ya Potanin, akashinda kwa milioni 170.1. Benki ya Rossiysky Kredit ilikuja na milioni 355, ikatolewa nje kwa hoja kwamba dhamana zake za kifedha hazitoshi. Kwa Yukos, kampuni ya mafuta, benki ya Menatep ya Khodorkovsky ilikuwa mpokeaji wa maombi. Asilimia 45 ikaenda kwa kampuni iliyosimama badala yake, kwa dola milioni 159, bei ya kuanzia ikiwa 150. Wapinzani walikataliwa kwa sababu sehemu ya amana yao ilikuwa hati fungani za serikali. Yaani serikali inakopa, na karatasi yake yenyewe haipokelewi mlangoni!

Ndiyo maana ukiletewa taarifa ya mnada wa mali ya umma, wa nchi yoyote, usikimbilie bei. Soma nani anapokea maombi, nani anakagua amana, na rufaa inakwenda kwa nani. Majina hayo matatu yakikutana kwenye meza moja, bei ni mapambo tu.

Wala si kila mnada ulizaa bwanyenye mpya. Kampuni za mafuta za Surgutneftegas na Lukoil zilibaki kwa viongozi wake wa ndani.

Utasikia pia: "Mabwanyenye ndio wanaoendesha Kremlin." Labda mwaka 1996, pesa na televisheni zao zilipombeba Rais Yeltsin kwenye uchaguzi dhidi ya Zyuganov, mgombea wa Wakomunisti. Lakini Khodorkovsky, bosi wa Yukos, alikamatwa Oktoba 2003. Desemba 2004 Yuganskneftegaz, kitovu cha uzalishaji wa Yukos, ilipigwa mnada kufidia madai ya kodi. Mshindi alikuwa kampuni ambayo hakuna aliyekuwa akiijua, na siku chache baadaye Rosneft ya serikali ikainunua kampuni hiyo. Hati ya umiliki iliyopatikana kwa upendeleo hulindwa na upendeleo. Mlinzi akibadilika, hati nayo inabadilika.

Na la mwisho: "Kuachia bei huru na kubinafsisha ni kitu kimoja." Hapana. Poland iliachia bei Januari 1990, ila mpango wake wa kuwagawia wananchi wote umiliki, wenye makampuni 512 chini ya mifuko 15 ya uwekezaji, ulianza kazi 1995. Ukitaka kulaumu kasi ya mageuzi, sema kwanza ni kasi ya jambo lipi.