Nahau za Kiingereza na Redio ya Rubani: Ufafanuzi kwa Watahiniwa na Wazazi

Tangu matokeo ya karibuni ya mtihani wa Kiingereza cha usafiri wa anga yatoke, meza yetu ya watahini imepokea barua za malalamiko nyingi kuliko kawaida. Sehemu kubwa zina sentensi moja: "Mwanangu alipata A ya Kiingereza kidato cha nne, mmempaje kiwango cha 3?" Barua mojawapo iliambatanishwa na orodha ndefu ya nahau alizokariri kijana, kila moja na maana yake pembeni, iwe ushahidi kwamba alijiandaa. Tunaamini alijiandaa. Bahati mbaya alijiandalia mtihani mwingine.

Ieleweke kwamba makala haya ni elimu kwa umma. Hayajibu shauri la mtahiniwa yeyote na hayachukui nafasi ya kanuni. Barua zote zitajibiwa kwa utaratibu wake.

Kipimo tunachotumia ni cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kinapima kusikiliza na kuzungumza tu, kwa hiyo A ya karatasini, iliyotokana na insha na ufahamu, haiingii kwenye hesabu. Kina viwango 6, na rubani au muongoza ndege wa safari za kimataifa hawezi kuwa chini ya kiwango cha 4. Mtahiniwa hupimwa maeneo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko wa maneno, uelewa wa anachosikia, na namna anavyojibizana na mwenzake. Hapa ndipo wengi wanapokwama, basi narudia: hatutafuti wastani. Alama ya mwisho ni ile ya chini kuliko zote. Ukipata 5 kwenye maeneo matano na 3 kwenye matamshi, wewe ni kiwango cha 3. Hakuna kufidia.

Masharti haya yana historia yake. Tarehe 12 Novemba 1996 ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India, wakafa watu 349. Ndege ya Kazakhstan ilishuka chini ya kimo ilichopangiwa, na Kiingereza hafifu cha wafanyakazi wake kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa baadaye. Mwaka 1998 mkutano mkuu wa ICAO ukaagiza suala la lugha lishughulikiwe, masharti yakapitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Machi 5, 2008. Nchi ambazo hazikuwa tayari ziliongezewa muda hadi 2011.

Sasa tuje kwenye nahau, na hasa kwenye ndugu zao wanaoonekana wapole: vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno kama "out", "off", "up" au "by", maana ikageuka kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kuteleza hapa. Sisi mabadiliko ya maana tunayaweka ndani ya kitenzi chenyewe: pita, pitia, pitisha, pitiliza. Mwingereza anayaning'iniza nje, nyuma ya kitenzi, kwa kijineno ambacho sikio letu linakiona cha ziada. Ndiyo maana Afrika Mashariki nzima tunasema "I will pick you", bila "up", tukimaanisha tutampitia mtu kwa gari, na Mwingereza anashangaa anachaguliwa kwa ajili ya nini. Kisha tunalipia deni hilo mahali pasipohitaji na kusema "cope up", wakati "cope" inatosha. Nyumbani hilo halina madhara.

Angani lina madhara. Usiku wa Januari 25, 1990, Boeing 707 ya Avianca, shirika la ndege la Kolombia, iliyotoka Bogotá kupitia Medellín ilikuwa inakwenda New York, uwanja wa JFK. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na foleni ndefu, ikazungushwa angani mara tatu, jumla ya saa moja na dakika 17. Ilipojaribu kutua mara ya kwanza ilishindwa, ikapaa tena. Kapteni akamwambia msaidizi wake awaeleze wanaoongoza ndege kwamba wako kwenye dharura. Msaidizi, baada ya kuthibitisha mwelekeo aliopewa, akasema watajaribu tena kutua, kisha akaongeza: "we're running out of fuel". Muda mfupi baadaye injini zilizima zote na ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73. Haikuwaka moto, kwa kuwa hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Tafsiri ya maneno yale ni rahisi: tunaishiwa mafuta. Sarufi yake haina kosa hata moja. Lakini "run out" kwa Mwingereza ni neno la jikoni. Sukari ina-"run out", chaji ya simu ina-"run out", uvumilivu nao una-"run out". Halina kizingiti cha uzito. Linaweza kumaanisha dakika tano zimebaki au saa mbili. Na kwa maana fulani kila ndege inayokaribia kutua inaishiwa mafuta. Muongoza ndege mwenye ndege nyingi kwenye kioo cha rada hawezi kukisia ni ipi iko ukingoni. Neno lililotakiwa ni "Mayday", mwito wa dharura, mara tatu, ambalo halina tafsiri mbili. Leo yapo pia maneno yaliyopangwa kwa ajili ya mafuta peke yake: "minimum fuel" linamjulisha muongoza ndege kwamba ucheleweshaji zaidi unaweza kuleta tatizo, na "Mayday fuel" linasema tatizo limeshafika. Mtahiniwa anayetuambia kwenye zoezi kwamba "the fuel situation is touch and go" huenda anatamba kwa nahau sahihi, ina maana mambo yako roho mkononi. Kwenye redio, "touch and go" ni zoezi la wanafunzi: gusa njia ya kurukia, paa tena. Ametuomba mazoezi akiwa anakufa.

Kisa cha pili kinajulikana zaidi. Machi 27, 1977, uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, ukungu mzito, Boeing 747 mbili kwenye njia moja ya kurukia: ya KLM, shirika la Uholanzi, ikiwa tayari mwanzoni mwa njia, ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado inatembea humo. KLM walisomewa na mnara wa kuongoza ndege maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kupaa, yakiwa na neno "take-off" ndani yake, ingawa ruhusa ya kupaa haikuwa imetolewa. Rubani msaidizi akajibu kwa maneno yanayonukuliwa kama "we are now at take-off". Mnara ulielewa wako mahali pa kusubiri kupaa. Wao walikuwa wameshaanza kukimbia. Mnara ukasema "OK", kisha "stand by for take-off, I will call you", lakini sehemu ya pili ilimezwa na mlio, kwa sababu Pan Am nao walikuwa wanaongea wakati huohuo. Kilichosikika KLM vizuri ni "OK". Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege mbili iliyoua wengi zaidi ya hiyo.

Tangu hapo "take-off" imewekewa uzio. Hutamkwa pale tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Mazungumzo mengine yote hutumia "departure". Mtahiniwa anayesema "we are ready for take-off" hupunguziwa alama, na wazazi wanatuandikia kwamba tunaonea watoto kwa neno dogo. Ni kweli ni neno dogo.

Tazama na "stand by". Mtaani ni kusimama na mtu wakati wa shida, au kukaa tayari. Redioni ni moja tu: subiri, nitakuita. Si kibali wala si kukataliwa. "Go around" mtaani ni kuzunguka, na chakula kikitosha watu wote pia husemwa kime-"go around". Redioni ni acha kutua, ongeza nguvu, paa. Tumewahi kumsikia mtahiniwa kwenye zoezi akiuliza azungukie kulia au kushoto. "Hold" ndilo gumu zaidi, kwa kuwa "hold your course" katika Kiingereza cha kawaida ni endelea hivyo hivyo, wakati "hold position" ni simama ulipo, na ukiwa angani "hold" ni kuzunguka kwenye eneo ulilopangiwa. Marekani walikuwa wakimwambia rubani aingie kwenye njia ya kurukia na kusubiri kwa maneno "position and hold". Septemba 30, 2010 wakahamia "line up and wait" linalotumika kwingineko duniani. "Go ahead" nalo, ambalo wengi wetu tunajua ni "haya sema", Uingereza imeliweka kando na kutumia "pass your message", kwa kuhofia rubani aliye pembeni mwa njia ya kurukia asije akasikia "songa mbele".

Hata kijineno kikiwa peke yake hakina usalama. Februari 19, 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger ikikaribia Kuala Lumpur iliambiwa ishuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Wafanyakazi wakasikia "to four zero zero", washuke hadi futi 400. Ilipiga kilima, wakafa wote wanne. Hapo hakuna aliyekosea Kiingereza kwa kipimo cha shule yoyote.

Swali la haki linaloulizwa ni hili: je, nahau zisisomwe? Zisomwe. Masharti yenyewe ya ICAO yanataja msamiati wenye nahau kwenye kiwango cha 5 na cha 6, na mtahiniwa atakutana na rubani wa Texas au Glasgow ambaye hakupitia darasa letu. Akisikia "my first officer is a bit under the weather" ajue kuna mgonjwa ndani ya ndege, asianze kutoa taarifa ya mawingu. Akisikia "we'll have to wing it" ajue wanabahatisha. Neno hilo wala halikuzaliwa kwenye mabawa, lilitoka kwa waigizaji wa jukwaani. Lililotoka kweli kwenye urubani ni "push the envelope", na ile si bahasha ya barua, ni mipaka ya kasi na kimo ambayo ndege inaweza kuhimili. Nahau ni za kuelewa. Kwa mdomo wako, kiwango cha 4 kinakutaka jambo moja la msingi: ukikosa neno, uzungukie kwa maneno mepesi. "The wheel is broken, I cannot turn" inatosha kabisa. Aliyetusimulia picha ya dhoruba kwa "cats and dogs", nahau ya mvua kubwa, na kisha akashindwa kusema upepo unatoka wapi hakutuonyesha Kiingereza, alituonyesha kumbukumbu.

Kuhusu muda: kwa pendekezo la ICAO, kiwango cha 4 hupimwa tena kila miaka 3, cha 5 kila miaka 6, cha 6 hakirudiwi. Muda huhesabiwa kuanzia tarehe ya mtihani. Uthibitisho wa lugha ukiisha, hata rubani mwenye saa 5,000 hewani haruhusiwi safari za kimataifa mpaka apimwe. Aliyezaliwa London naye hupimwa, na wapo waliozaliwa na lugha hii wanaopungukiwa upande wa kujibizana kwa sababu wanaongea haraka na kwa nahau za kwao, hawajali kama wa upande wa pili amewapata.

Wenye kutaka rufaa waandike wakitaja namba ya mtahiniwa, tarehe, na eneo wanalopinga kati ya yale sita, ili rekodi ya sauti isikilizwe upya na mtahini mwingine. Barua isiyotaja eneo itarudishwa ijazwe. Orodha za nahau msiambatanishe.