Kenya ni ya pili duniani katika riadha, lakini kwa hesabu ipi?

Kila mashindano makubwa yanapomalizika, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni moja: Kenya ni ya ngapi duniani katika riadha? Muulizaji hutaka namba, nami humpa, kwa kuwa ipo. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kenya ilishika nafasi ya pili katika riadha nyuma ya Marekani, na katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo mwaka 2025 ikawa ya pili tena, nyuma ya Marekani hiyo hiyo. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni kukesha na matokeo haya mstari kwa mstari, huitoa namba hiyo kwa shingo upande, maana jinsi inavyopatikana huficha mengi kuliko yale inayoyaonyesha.

Jedwali la medali tulilolizoea hupanga nchi kwa dhahabu kwanza. Nchi mbili zikilingana kwa dhahabu ndipo fedha hutazamwa, kisha shaba. Maana yake ni kwamba dhahabu moja huishinda fedha kumi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Chukua fainali ya mita 800 ya wanaume mjini Paris. Emmanuel Wanyonyi alimaliza kwa dakika 1:41.19, na Marco Arop wa Kanada akamfuata kwa 1:41.20. Tofauti yao ilikuwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kiasi ambacho jicho la mtazamaji haliwezi kukiona bila msaada wa picha ya mstari wa mwisho. Kenya iliondoka Paris na dhahabu 4, fedha 2 na shaba 5, jumla medali 11. Kanada ilipata dhahabu 3, fedha 1 na shaba 1 katika riadha, jumla medali 5.

Sasa geuza matokeo ya mbio hiyo moja tu. Kanada ingekuwa na dhahabu 4 na Kenya dhahabu 3, na katika jedwali la medali nchi yenye medali 5 ingekaa juu ya nchi yenye medali 11. Vichwa vya habari vya Nairobi vingeomboleza kuporomoka kwa riadha ya Kenya, ilhali wanariadha wake wote wengine wangekuwa wamefanya yale yale waliyoyafanya.

Wengine hukwepa tatizo hili kwa kuhesabu jumla ya medali bila kujali rangi, kama vinavyofanya vyombo vingi vya habari vya Marekani. Kwa hesabu hiyo, Mashindano ya Dunia ya Beijing mwaka 2015, ambako Kenya iliongoza jedwali kwa mara ya kwanza ikiwa na dhahabu 7, fedha 6 na shaba 3, yangekuwa ya Marekani, iliyopata medali 18 dhidi ya 16 za Kenya. Sioni kwamba hesabu hii ni bora. Inaifanya shaba kuwa sawa na dhahabu, na hakuna mwanariadha yeyote atakayekubaliana na hilo.

Ninayoiamini zaidi ni jedwali la alama za nafasi, ambalo wapenzi wachache wa riadha hulifungua. Kila mshindi hupata alama 8, wa pili 7, wa tatu 6, na kuendelea hivyo hadi wa nane anayepata alama 1. Rudi kwenye mita 800 ya Paris: kwa mfumo huu, kama Wanyonyi na Arop wangebadilishana nafasi, Kenya ingepoteza alama moja na Kanada ingeongeza moja. Ukihesabu medali peke yake, Kenya ingeshuka kutoka alama 76 hadi 75, na Kanada ingepanda kutoka 37 hadi 38. Hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya mataifa hayo mawili siku zile, na sehemu moja ya mia ya sekunde haiwezi kuivuruga.

Jedwali la alama humkumbuka pia mtu ambaye jedwali la medali humsahau kabisa, yaani aliyemaliza wa nne. Katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Beijing mwaka 2015, Kenya iliruhusiwa kupeleka wanariadha wanne badala ya watatu, kwa sababu Ezekiel Kemboi alikuwa bingwa mtetezi na bingwa mtetezi hupewa nafasi yake ya ziada. Kemboi alishinda, akafuatwa na Conseslus Kipruto na Brimin Kipruto, na Jairus Birech akafunga safu katika nafasi ya nne. Kwa jedwali la medali, mbio ya Birech haikuwepo. Kwa jedwali la alama, ilikuwa na thamani ya alama 5, na Kenya ikavuna alama 26 katika mbio moja.

Kuna orodha nyingine ambayo huchanganywa na majedwali haya, nayo ni orodha ya ubora ya Shirikisho la Riadha Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2019. Hii humpima mwanariadha mmoja mmoja katika tukio lake, wala haiangalii bendera. Kila tokeo hupewa alama za muda au umbali, kisha huongezewa alama za nafasi kulingana na uzito wa mashindano, na wastani wa matokeo yake bora ndio unaompa mwanariadha namba yake. Katika mbio kama mita 800 huchukuliwa matokeo 5 ya miezi 12. Katika marathoni, ambayo mwili hauwezi kuikimbia kila mwezi, hutosha matokeo 2 ya miezi 18. Wakimbiaji wa masafa marefu wanaoshindana Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hulazimika kutafuta muda mzuri ng'ambo, kwa sababu hewa nyepesi ya nyumbani huwachelewesha. Tena, mtu anaweza kuwa miongoni mwa kumi bora duniani katika marathoni na bado akaitazama Olimpiki akiwa sebuleni kwake Eldoret, kwa kuwa kila nchi hupewa nafasi tatu tu. Kina hicho cha Kenya hakionekani katika jedwali lolote la mashindano.

Bendera nayo ina utata wake. Mshindi wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji ya wanawake mjini Paris alikuwa Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Bahrain, na dhahabu yake, kama inavyostahili, iliandikwa kwa Bahrain.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni hiki. Medali zote 11 za Kenya mjini Paris zilitoka katika masafa ya mita 800 hadi marathoni, huku mashindano yakiwa na matukio 48. Mwaka 2015 haikuwa hivyo: Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 na Nicholas Bett akashinda mita 400 kuruka viunzi, dhahabu mbili kutoka mahali ambapo hakuna aliyezizoea. Mwaka 2025 Kenya ilipata tena dhahabu 7, idadi ile ile ya Beijing, na msomaji wa jedwali angedhani hakuna kilichobadilika. Ziangalie moja moja. Mwaka 2015 dhahabu 5 kati ya 7 zilikuwa za wanaume. Mwaka 2025 sita zilikuwa za wanawake: Beatrice Chebet mara mbili, Faith Kipyegon, Peres Jepchirchir, Faith Cherotich na Lilian Odira. Mwanaume alikuwa Wanyonyi peke yake. Na katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji ya wanaume, tukio ambalo Kenya ililishinda katika kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016, medali pekee iliyopatikana Tokyo ilikuwa shaba ya Edmund Serem, yenye alama 6, pale ambapo miaka kumi kabla yake, mjini Beijing, alama zilikuwa 26.