Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: yanayosemwa Uganda na ukweli wake

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele imeingia katika nyumba nyingi za Kampala, Entebbe na Mbarara, na maneno mengi yameingia pamoja nayo. Muuzaji ana yake, jirani ana yake, na dada wa kazi aliyewahi kuitumia kwa bosi mwingine ana yake. Baadhi ya maneno hayo humfanya mtu anunue mashine isiyomfaa, mengine huiua mashine nzuri kabla ya wakati wake. Mimi huzifunga na kuzifungua mashine hizi, na ninachoamini ni kwamba zinazokufa kwa ubovu wa kiwandani ni chache. Nyingi zinauawa na sabuni, na tangi lililokaa chini, na mlango unaofungwa mara tu nguo zinapotolewa.

"Sabuni ni sabuni, muhimu iwe na povu jingi"

Naanza na hili kwa sababu ndilo lenye madhara kuliko yote. Tumekua tukiamini kwamba sabuni isiyotoa povu imechakachuliwa. Kwenye beseni, povu linakuonyesha kwamba sabuni bado ina nguvu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele, povu ni adui.

Pipa la mashine hii limelala. Linazibeba nguo hadi juu, kisha linaziachia zianguke kwenye maji machache yaliyo chini. Kule kuanguka na kujipiga ndiko kunakotoa uchafu. Povu likijaa, nguo hazianguki tena, zinaelea juu ya kitu laini na kutoka na uchafu wake. Mashine nyingi za siku hizi hulihisi povu hilo: husimamisha kukamua, huingiza maji ya kusuuza tena na tena, na kazi ya saa moja na nusu inafika saa tatu. Mwenye nyumba anasema mashine ni mbovu. Povu likizidi hupanda hadi kwenye droo ya sabuni na kumwagika nje, na likifika kwenye nyaya ndipo gharama inapoanza.

Kwetu tatizo hili lina uzito wa ziada. Maji ya bomba ya Kampala na Entebbe yanatoka Ziwa Victoria, na ni maji laini, yenye chokaa kidogo sana. Maji laini hutoa povu haraka, hivyo sabuni inayohitajika ni kidogo kuliko katika miji ya Ulaya yenye maji magumu. Lakini watu wananunua sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, iliyotengenezwa makusudi itoe povu, wanamimina kikombe kizima, kwenye maji laini, ndani ya mashine inayotumia maji machache. Hakuna mashine inayovumilia hayo kwa miaka.

Nunua sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine ya mlango wa mbele. Kwa nguo za uchafu wa kawaida, vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha. Ukichungulia kwenye kioo wakati wa kufua, uone povu dogo kwenye maji tu. Ukiona kioo chote ni cheupe, umezidisha. Na wale wanaokatakata sabuni ya mche na kuitupa ndani ya pipa, nawaomba waache. Sabuni ya mche ni nzuri sana kwa kusugua kola na mikono ya shati kabla ya kufua. Kazi yake iishie hapo, na uisuuze.

Faida moja ya maji yetu laini ni kwamba hita haipati ukoko wa chokaa kwa urahisi. Vile vidonge vya kuondoa chokaa vinavyotangazwa sana, mtu anayetumia maji ya ziwa hana haja navyo kila wiki. Wanaotumia maji ya kisima kirefu hali yao ni tofauti, kwa sababu maji ya ardhini hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Wakiona birika lao la chai linaota ukoko mweupe, wajue hita ya mashine nayo inaota.

"Inakunywa maji"

Ni kinyume. Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8 hutumia takriban lita 50 hadi 70 kufua na kusuuza mzigo mzima, yaani jerikeni mbili na nusu hadi tatu na nusu za lita 20. Zile za mlango wa juu zenye mti wa kuzungusha katikati hupita lita 100 bila shida. Na yeyote aliyefua mashuka ya nyumba nzima kwa mkono anajua kwamba jerikeni tatu haziwezi kumfikisha hadi maji ya mwisho ya kusuuza.

Tatizo la mashine hii ni namna inavyotaka kuletewa maji. Inataka maji yenye msukumo, kutoka kwenye bomba. Vitabu vingi vya maelekezo vinataja msukumo wa chini kati ya bar 0.5 na bar 1. Maji yakiwa juu kwa mita 10 hutoa bar 1, kwa hiyo tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 tu, na mashine ikiwekwa ghorofani kimo hicho kinapungua zaidi. Basi mashine inasubiri maji, inachoka, inaandika kosa kwenye kioo chake. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anabadilisha vali nzima, na kosa linarudi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, pima. Hesabu kimo kutoka sehemu ya chini ya tangi hadi mahali mashine itakapokaa. Kisha fungua bomba hilo lenyewe na ujaze jerikeni ya lita 20. Ikijaa ndani ya dakika mbili, kwa kipimo changu una nafasi nzuri. Ikichukua dakika tano, weka kwenye bajeti pampu ndogo ya kuongeza msukumo, au mwite fundi ainue tangi. Na kama maji yako yanatoka kwa mchota maji na jerikeni zake, nunua ile ya mapipa mawili unayoijaza mwenyewe kwa ndoo. Ni chaguo la akili kwa nyumba isiyo na maji ya bomba, na hupaswi kumwonea aibu mtu kwa hilo.

"Itamaliza yuniti zote za Yaka"

Yaka ni umeme wetu wa kulipia kabla, na hapa watu wanaogopa kitu kisicho sahihi. Mota ya mashine haili umeme mwingi. Anayekula ni hita, ambayo kwa kawaida huvuta wati 2,000 hivi, sawa na birika la umeme. Tuchukue lita 15 za maji. Kuyapasha kutoka nyuzi 23 hadi 60 kunahitaji karibu theluthi mbili ya yuniti moja. Kuyafikisha nyuzi 30 kunahitaji kama sehemu moja ya nane ya yuniti.

Na maji ya Kampala huingia kwenye mashine yakiwa tayari na nyuzi ishirini na kidogo. Mzungu ambaye maji yake ya baridi yana nyuzi 10 analipa kuyafikisha 30. Sisi karibu tumeshafika. (Watu wa Kabale wanisamehe, kwao asubuhi ni baridi kweli.) Nguo za kazini, za shule na kitenge, zifue kwa baridi au 30. Nyuzi 60 ziachie mashuka, taulo, nguo za mtoto mchanga na za mgonjwa.

Wengine wanakimbilia programu fupi ya dakika 15 au 30 wakidhani ndiyo nafuu. Hiyo imetengenezwa kwa nguo chache, kama kilo mbili, zilizovaliwa mara moja tu. Ukiijaza, nguo zitatoka na sabuni ndani na utafua tena. Ile programu ndefu ya kuokoa umeme, inayoweza kupita saa tatu, inatumia umeme mdogo kwa sababu inapasha maji kidogo na kuacha muda ufanye kazi.

Ya kilo, mtetemo na dhamana

Kilo 8 zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba, katika programu ya pamba. Kwa nguo za nailoni na polista ni nusu yake, na kwa blanketi zito usiangalie kilo, angalia nafasi: kiganja chako kilichosimama kipite kati ya nguo na dari ya pipa.

Mashine mpya inayoruka jikoni kama imepandwa na pepo si feki. Mara nyingi boliti za usafiri hazijatolewa. Ziko nyuma, kwa kawaida tatu au nne, na hulishikilia pipa lisigongegonge kwenye mashimo ya barabarani. Zitoe kabla ya kuwasha, kisha zitunze, maana siku ya kuhama utazihitaji. Baada ya hapo sawazisha miguu kwa pima maji juu ya sakafu ya zege.

Dhamana ya miaka kumi inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mota peke yake. Soma karatasi. Kwetu, kinachoungua kwanza umeme unapopanda na kushuka ni bodi ya umeme, na bodi huwa ndani ya dhamana fupi. Kifaa kile kile cha kulinda friji, chenye uwezo wa ampea 13, ni bei ndogo ukilinganisha na bodi. Na ukikutana na mashine iliyotumika kutoka Japani au Marekani kwa bei ya kuvutia, soma kibati cha nyuma: Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utaiunguza siku hiyo hiyo.

"Umeme ukikatika, nguo zimefungiwa"

Zimefungiwa kwa muda. Kufuli la mlango linazuia maji yasimwagike sakafuni. Mashine nyingi huendelea pale zilipoishia umeme unaporudi. Ukizihitaji nguo zako kabla ya hapo, fungua kile kimlango kidogo chini upande wa mbele, utoe maji polepole kwenye trei, subiri dakika chache, kisha ujaribu mlango. Usiuvute kwa nguvu.

Humo humo ndimo kilimo kichujio cha pampu. Kifungue kila mwezi. Utakuta sarafu za shilingi mia mbili na mia tano, pini za nywele, vifungo, na tope jekundu. Hilo tope ni la kwetu kabisa. Nguo iliyojaa udongo mwekundu ikung'ute na uipitishe kwenye beseni kwanza, usiipeleke mashineni hivyo hivyo.

"Za mlango wa mbele zote zinanuka"

Zinanuka zikifungwa zikiwa na unyevu. Ukimaliza, futa mpira wa mlango, hasa mkunjo wa chini, kisha acha mlango na droo ya sabuni wazi kidogo. Kama una watoto wadogo, funga mlango wa chumba chenyewe, kwa sababu mtoto anaweza kuingia ndani ya pipa. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Anayefua kwa baridi siku zote na kumimina dawa nyingi ya kulainisha nguo analisha utando wenye harufu. Na ukitumia Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kusafisha, usiichanganye na siki wala ndimu: inatoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu.

Kuhusu nzi wa maembe nataka nieleweke vizuri, maana nimesikia akina mama wakitafuta mashine ya nyuzi 90 kwa ajili yao. Nzi huyu, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu, hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zikiwa zimeanikwa, yaani baada ya kufuliwa. Joto la kufua halimgusi. Kinachomlinda mtoto ni kupiga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono, au kuanika mahali nzi hawafiki. Hapa mashine inakusaidia kwa njia nyingine: ikikamua kwa mizunguko 1,200 au 1,400 kwa dakika, nguo hukauka mapema, na katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba unaweza kuanika ndani. Kwa gomesi, lile gauni la kitamaduni la akina mama wa Uganda, punguza hadi 400 au 600, isije ikakunjika vibaya.

Utomvu wa matooke (ndizi za kupika) uliokauka kwenye nguo usimlaumu mtu wala mashine. Hautoki. Damu na maziwa vinatoka, ukianza na maji ya baridi. Ukianza na ya moto unavipika kwenye uzi.

Na swali ambalo huulizwa sana: "Fundi, mbona inaingiza maji saa nzima na haijai?" Kabla ya kununua kipuri chochote, tazama mpira wa kutolea maji machafu. Kama umelazwa sakafuni kuelekea kwenye tundu la bafuni, maji yanatoka yenyewe kadiri yanavyoingia. Uinue hadi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, uufunge vizuri, na uwashe upya.